Sanduku la Baiskeli: Anza na Tairi, Fremu Itafuata

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia jambo moja: baiskeli ya kuendesha mchana na usiku, kilomita 200 na kuzidi, ambayo wenyewe huiita randonea. Kwa asiyeijua, hii si baiskeli ya mashindano wala ya kubebea shehena. Ni ya breveti, yaani safari ya masafa yaliyowekwa ambapo mwendeshaji hujitegemea na kadi yake hugongwa muhuri vituoni. Muda wa mwisho ni saa 13 na nusu kwa kilomita 200, saa 20 kwa 300, saa 27 kwa 400 na saa 40 kwa 600. Ile maarufu ya Ufaransa, Paris–Brest–Paris, ilianza 1891, ina kilomita 1,200 hivi na hufanywa kila baada ya miaka 4. Ukipiga hesabu, mwendo unaotakiwa ni kama kilomita 15 kwa saa, mapumziko yakiwemo. Basi kinachomwangusha mtu aghalabu si kukosa kasi. Ni tairi lililochanika saa nane za usiku, taa iliyozima, mgongo uliokaza. Tumejibu tukiwa na hayo mbele yetu.

Assalaam aleikum mhariri. Nimeweka akiba miaka miwili nitengenezewe fremu ya chuma kwa vipimo vyangu. Nina kilo 78, na mguu wangu kwa ndani ni sentimita 84. Fundi wa fremu yuwaniuliza nataka jiometri gani, nami sina jibu. Nimwambie nini?
*Msomaji, Tudor*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Usione haya, swali la fundi la jiometri, yaani pembe na urefu wa mabomba ya fremu, limekuja kabla ya wakati wake. Kabla ya fremu, kata shauri kuhusu tairi, kisha mzigo utakaa wapi. Fremu ni nyumba ya vitu hivyo viwili.

Kwa barabara zetu za Mombasa tunakushauri rimu ya milimita 584, inayouzwa kwa jina la 650B, na tairi la upana wa milimita 42. Upana huo unazimeza kingo za lami zilizomeguka, na kokoto za pembeni pale lori linapokulazimisha ushuke, bila kukuchelewesha kwenye lami nzuri. Lakini sababu kubwa ni nyingine: 584 ndiyo rimu ileile ya baiskeli za milimani za 27.5. Tairi likichanika Kilifi au Voi, unachotafuta ni kitu ambacho wengine pia wanakitumia. Mwambie fundi aache milimita 60 kati ya vyuma viwili vya nyuma pale tairi linapopita. Humo zitaingia madigadi za upana wa 52, na patabaki milimita 4 kila upande. Siku ya shida ukivaa tairi la inchi 1.95, ambalo ni karibu milimita 50, utavua madigadi na kuendelea na safari.

Hapa tusimame kidogo, maana pesa nyingi hupotea kwa kosa hili. Usinunue tairi kwa ile namba kubwa ya ubavuni. "28" ni jina la rimu mbili tofauti, 622 ya baiskeli nyembamba na 635 ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya zamani, na haziingiliani hata ukitumia spana mbili. "26" nayo ina 559 na 590. Tafuta namba ndogo yenye kistari, kwa mfano 42-584: ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Hiyo haidanganyi.

Sasa mzigo. Kwa breveti utabeba kilo 4 hadi 6: nguo ya mvua, tyubu, vyakula, betri. Ukiuweka katika mkoba wa mbele juu ya keria ndogo, utafungua na kula bila kushuka, na kadi iko machoni pako. Ila mzigo wa mbele unataka uma, yaani vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, uliopindwa zaidi. Chora mstari unaopita katikati ya kichwa cha fremu (bomba fupi linaloshika uma) hadi ardhini, kisha chora mwingine wima kutoka ekseli ya mbele. Umbali kati ya mistari hiyo pale chini mafundi huuita treili. Kichwa cha fremu kikiwa na mwinamo wa digrii 73, na uma ukiwa na pindo la milimita 65, kwa tairi hili treili ni kama milimita 33. Usukani utakuwa mwepesi na mkoba hautauvuta. Pindo likiwa 45 tu, treili inapanda hadi 54 hivi. Hiyo ni nzuri bila mzigo, lakini ukiweka kilo 5 mbele usukani unaangukia upande kila unapopunguza mwendo, na usiku wa pili mabega yatakuambia. Kama umezoea mkoba wa nyuma ya kiti, mwambie fundi hivyo, akupe pindo dogo. Usimwachie akisie.

Vipimo vya mwili: 84 mara 0.883 inakupa sentimita 74.2 kutoka katikati ya kitovu cha kranki (pale mikono ya pedali inapozungukia) hadi juu ya kiti. Huo ni mwanzo tu. Utapandisha au kushusha nusu sentimita kila mara mpaka goti litulie. Urefu wa kwenda mbele usiupate kwa hesabu. Chukua baiskeli unayoweza kukaa juu yake saa nne bila kuumia, upime kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani, kisha kutoka ardhini hadi juu ya usukani, umpelekee fundi namba hizo. Usukani uwe sawa na kiti au chini yake kwa sentimita 2, usizidi hapo.

Kuna kipimo kimoja wanaochora fremu kwa haraka hukisahau: kutoka kitovu cha kranki hadi ekseli ya mbele. Kranki ya milimita 170, ncha ya kiatu kama 100 mbele ya pedali, nusu ya gurudumu 332 na madigadi 15, jumla 617. Umbali ukipungua sana hapo, kidole cha mguu kitagonga madigadi unapokata kona ya polepole, kwa mfano kwenye mteremko wa kuingilia feri ya Likoni, na madigadi ikikunjika chini ya tairi utaruka mbele. Omba usipungue 617.

Mabomba yawe ya kromoli 4130, aina ya chuma cha mchanganyiko. Kwa uzito wako, bomba la juu la unene wa milimita 0.8/0.5/0.8 (ncha, katikati, ncha) latosha, na la mshazari 0.9/0.6/0.9. Namba ya katikati ndiyo ya kuangalia: pale kati bomba ni jembamba kama kadi ya benki au chini ya hapo. Ndiyo maana kila tundu na kila kishikizo lazima kiwekwe kabla ya rangi. Ukimpelekea mchomeleaji wa mageti baadaye aongeze kishikizo cha chupa katikati ya bomba, atalitoboa. Andika yote kwenye karatasi: chupa tatu (mbili ndani ya fremu, moja chini ya bomba la mshazari, maana joto letu linataka maji), masikio ya madigadi na ya keria, tundu la waya wa taa, mahali pa pampu, na tundu la milimita 5 chini ya kitovu cha kranki la kutolea maji.

Kwingineko chagua vipimo ambavyo fundi yeyote wa Mwembe Tayari au Kongowea amevishika: nafasi ya gurudumu nyuma milimita 135, mbele 100, kitovu cha kranki cha nyuzi za BSA (kipimo cha Kiingereza) chenye upana wa 68. Kumbuka upande wa mnyororo kitovu hicho hufungwa kinyume na saa. Fremu nyingi huharibiwa hapo na mtu mwenye nguvu na haraka. Breki za kantiliva (mikono miwili mifupi inayovutwa na waya wa katikati) zinatosha kabisa. Ukitaka za V (zenye mikono mirefu inayovutwa kutoka ubavuni), hakikisha liva ni za kuvuta waya mrefu. Liva za kawaida za usukani wa kupinda zikifungwa na breki za V, pedi hazifunguki vya kutosha, na ukizisogeza mbali na rimu, liva inafika kwenye usukani kabla breki haijashika.

Mhariri, sina uwezo wa fremu mpya. Nina baiskeli ya milimani ya zamani ya mtumba, 26, chuma, uma haina springi. Je, yaweza kuwa randonea, ama nijiokoe na Black Mamba ya babu?
*Dada wa Changamwe*

Dada, hiyo 26 yako ni mali. Black Mamba ya babu itunze kwa heshima yake, lakini usijenge juu yake: ni nzito, breki zake za vyuma ni dhaifu kwenye mvua, na rimu yake ya 635 itakuzuia kupata matairi mazuri.

Kabla ya kutumia hata shilingi, igeuze chini juu, uifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uikague juani. Angalia nyuma ya kitovu cha kranki pale vyuma vya chini vinapoungana, na chini ya kichwa cha fremu. Ufa huanza kama unywele mweusi ndani ya rangi, na kutu hutoka humo kama wanja. Ukiuona, iache. Kisha legeza nati ya kiti. Nguzo ikikataa kuzunguka, soma jibu la msomaji wa Mji wa Kale hapa chini kabla ya kuendelea.

Fremu ikiwa salama, vaa matairi yasiyo na meno ya upana wa 1.5 hadi 1.75, rimu 559. Baki na usukani ulionyooka, uongeze pembe mbili mwishoni ili mikono ipate mahali pa pili pa kushika. Usukani wa kupinda unaonekana wa kuvutia, lakini fremu za milimani zina bomba la juu refu, na usukani huo husogeza mikono mbele sentimita 8 au zaidi. Utanunua stemu (shingo inayoshika usukani) fupi na liva mpya, na bado mgongo utalalamika. Pesa hiyo ipeleke kwenye gurudumu la nyuma na taa. Usijaribu kuvalisha rimu za 584 bila kubadili breki: ukingo wa rimu utapanda milimita 12 na nusu, na pedi zitakuwa zinasugua spoki.

Spoki za nyuma zinanikatikia upande wa mnyororo, moja kila mwezi. Fundi asema mimi mzito. Nina kilo 92.
*Msomaji, Mikindani*

Uzito wako haujavuka mpaka, bwana. Spoki inayokatika kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), mara nyingi imekufa kwa kulegea. Kila gurudumu linapozunguka, spoki ya chini hupoteza mvutano, kisha hurudi. Iliyofungwa sawasawa inabaki imekaza wakati wote. Iliyolegea hupinda na kunyooka maelfu ya mara kwa kila safari, mpaka chuma kichoke. Fundi akibadilisha ile moja tu iliyokatika, zile zilizobaki zimekwisha kuchoka vilevile. Ndiyo hesabu yako ya moja kwa mwezi.

Fumua gurudumu lote. Nunua spoki 36 za chuma kisichoshika kutu, za milimita 2.0/1.8/2.0: wembamba wa katikati hunyumbuka na kukiokoa kiwiko. Nipeli, zile nati ndogo za kukazia spoki, ziwe za shaba, kwani za aluminiamu hugandana na spoki katika hewa yetu ya chumvi. Upande wa mnyororo kaza hadi mvutano wa kilo 110 hivi, ikiwa rimu inaruhusu. Upande wa pili utatoka na kama asilimia 60 ya hiyo, na ni sawa. Usipokuwa na kipimo, piga spoki kwa ukucha kama nyuzi za udi. Zote za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti moja. Yenye sauti ya chini kuliko jirani zake ndiyo itakayokatika mwanzo.

Hatua inayorukwa ni hii: baada ya kunyoosha, shika spoki mbili zinazokwenda sambamba, uzibane kwa kiganja kwa nguvu mpaka zilie, uzunguke gurudumu zima, kisha unyooshe tena. Kubana huko hulaza viwiko kwenye habu. Gurudumu lisilobanwa hulegea lenyewe ndani ya kilomita 100 za kwanza. Funga spoki tatu za akiba kwenye chuma cha chini cha nyuma, na zana ya kufungulia kaseti (seti ya meno ya nyuma) iwe mkobani, maana bila kutoa kaseti spoki ya upande ule haiingii.

Nguzo ya kiti imeganda ndani ya fremu. Fundi ataka kuipasha moto. Nimkubalie?
*Msomaji, Mji wa Kale*

Hapana, mwambie aweke chombo chake chini. Nguzo yako ni ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, na kati yake pameingia jasho na hewa ya bahari. Metali mbili tofauti zikikutana na chumvi, ile aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, ukaibana nguzo pande zote. Aluminiamu hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha moto zote mbili, nguzo ndiyo inayovimba zaidi, na rangi yako inaungua bure.

Fanya kinyume. Toa boliti ya kubana kabisa. Geuza baiskeli chini juu, utie mafuta ya kupenyeza kupitia kitovu cha kranki, uiache hivyo usiku kucha. Rudia siku tatu. Siku ya nne funga barafu iliyopondwa kwenye nguzo kwa kitambaa, dakika 15, kisha banisha kichwa cha nguzo kwenye vaisi na uizungushe fremu kama mshikio. Izungushe kwanza, usiivute. Ikisogea hata upana wa nywele umeshinda. Ongeza mafuta, endelea kwenda na kurudi.

Ikitoka, safisha, paka grisi nyingi, na kila miezi miwili itoe na kuipaka upya. Hii ni Mombasa, grisi ya mwaka mzima haipo. Jambo jingine: usioshe baiskeli kwa maji ya kisima kabla hujayaonja. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na utakuwa unaipaka baiskeli kile unachotaka kuiondolea.

Taa ya dinamo ya habu ama ya betri? Na dinamo ya chupa ya zamani je?
*Msomaji, Nyali*

Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na usiku ni saa 12. Si rahisi kuimaliza breveti ya kilomita 300 bila giza, kwa hivyo chukua dinamo ya habu. Inatoa volti 6 na wati 3: 2.4 za mbele, 0.6 za nyuma. Ile ya chupa inayosugua tairi huteleza mvua inaponyesha, yaani saa ileile unapoihitaji. Ya betri iwe ya akiba tu mkobani.

Tumia waya mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Usiifanye fremu kuwa waya wa kurudi, maana rangi na kutu vitakata umeme. Taa ya nyuma iunge kwenye taa ya mbele, usiiunge moja kwa moja kwenye habu. Maungio yaelekee chini ili maji yadondoke, yapakwe grisi, yafunikwe na mpira wa kubana kwa joto. Karibu na kichwa cha fremu acha waya ulegee kidogo: uliokazwa hukatika kwa ndani kwa kupindapinda, na taa inazima kila unapokata kona na kuwaka ukinyooka. Mtu anaweza kutafuta tatizo hilo wiki nzima. Kuchaji simu kwa dinamo hiyo kunaanza kuwa na maana ukifika kilomita 15 kwa saa. Fanya mchana, taa ikiwa imezimwa.

Pwani ni tambarare. Nahitaji gia ngapi?
*Msomaji, Bamburi*

Tambarare, ndiyo, lakini kusi haujali. Ukirudi kutoka Malindi mwezi wa Julai unapanda upepo kwa kilomita 120, na kwenye upepo unachotaka ni hatua fupi kati ya gia. Mbele weka meno 46 na 30. Nyuma kaseti ya gia tisa ya 12–27: meno ya kati ni 15, 17, 19, 21, na humo ndimo utakamokaa kutwa. Kaseti ya 11–34 inaruka kutoka 17 hadi 20. Ukiwa umechoka, moja ni nzito na ya pili inakuzungusha miguu bure. Ile 34 iweke kabatini kwa siku ya kupanda Wundanyi kutoka Mwatate. Direla (kibadilisha gia cha nyuma) iwe ya mkono mrefu na mnyororo ukatwe kwa urefu wa kuzunguka meno 34, usije ukang'oa direla siku ya kubadilisha. Mnyororo upime kwa rula: viungo 12 vyenye pini, kutoka pini hadi pini, ni milimita 304.8 ukiwa mpya. Ukifika 306.5 ubadilishe; ukingoja zaidi utanunua na kaseti.

Baiskeli iko tayari. Breveti ya kwanza nifanye lini?
*Msomaji, Kisauni*

Si wiki hii. Kilomita 30 za kwanza zunguka mjini, urudi nyumbani, ukaze boliti za kranki. Kranki ya tundu la mraba ikilegea na ukaendelea kukanyaga, tundu linapanuka na haitashika tena hata ukaze vipi. Hufungwa kwa niutoni mita 35 hadi 40. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, usiilazimishe.

Kisha nenda Kilifi na kurudi, kama kilomita 120, ukiwa na mkoba umejaa vilevile utakavyojaa siku yenyewe. Upepo wa matairi: kwa mwendeshaji wa kilo 78 na tairi la 42, nyuma psi 42 hivi, mbele 37. Ukirudi, piga spoki kwa ukucha tena, kaza nyaya za breki na gia ambazo zitakuwa zimelegea, na weka alama ya kalamu kwenye nguzo ya kiti kujua kama imeshuka. Baada ya hapo fanya moja ya usiku, Mariakani na kurudi, saa tisa alfajiri kabla magari hayajajaa, vaa koti lenye mistari ya kuakisi mwanga, na badilisha tyubu gizani angalau mara moja hata kama haijapata pancha. Ukiweza kufanya hivyo ndani ya dakika 15 kwa taa ya kichwani tu, jiandikishe kwa 200.